Kusoma Vipuri vya Bunduki za Kale



Nitazungumza juu ya vyuma vidogo. Karibu kila makumbusho ya ukanda wetu yana kisanduku chake ghalani: springi iliyokunjika, skrubu ndefu iliyoliwa na kutu, bamba lenye matundu matatu, ndoano ambayo hakuna anayejua ilishika nini. Kadi yake imeandikwa "kipande cha bunduki", na mwaka kilipopokelewa. Basi. Miaka inapita, watunzaji wanabadilika, kadi inabaki vilevile.

Hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Askari waliotolewa katika vijiji vyetu kupigana upande wa Wajerumani au wa Waingereza hawakuandika shajara. Wapagazi walioibeba vita ya 1914 mabegani, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, hata majina yao mengi hayakuandikwa. Wapiganaji wa Majimaji wa 1905 hadi 1907 tunawasoma zaidi katika taarifa za waliowaua. Chuma walichokishika watu hao ni sehemu ya maneno yao. Tukikiandikia jina la kubahatisha, tumewasemea uongo, na wao hawapo kutukanusha.

Rai yangu ni hii: kipande cha bunduki husomwa kwa kuuliza kilifanya kazi gani, kilitengenezwa kwa mkono gani, na kimeokotwa wapi. Jina la modeli huja baada ya hayo matatu, na mara nyingine haliji kabisa. Wengi wetu huanzia mwisho. Tunafungua kitabu cha picha, tunakuta kinachofanana, tunaandika "Mauser" au "Enfield", na mjadala unafungwa kabla haujaanza.

Kabla ya maswali hayo kuna mambo mawili. Kwanza, usalama. Baruti nyeusi ikikaa mahali pakavu haifi haraka. Gobore lililotundikwa ukutani tangu enzi za babu laweza kuwa limeshindiliwa hadi leo, na kila mtutu uchukuliwe kuwa umejaa mpaka mjuzi athibitishe vinginevyo. Kombora au bomu la mkono lililoibuka shambani haliguswi. Panawekwa alama, na polisi wanaitwa. Pili, kutu isiondolewe. Najua hamu ya kukiona chuma kinang'aa, lakini brashi ya waya na tindikali hula kwanza kile tunachokitafuta, yaani chapa ya karakana, namba, na mikwaruzo ya tupa. Weka kipande mezani gizani, umulike tochi kwa ubavu, karibu kulala na meza. Herufi ambazo mchana hazikuonekana huinuka kwa vivuli vyake. Kutu ikiwa nene, picha ya eksirei huweza kuonyesha kilicho chini yake bila kukwaruza chochote.

Sasa tuje kwenye kazi ya kipande.

Chukueni springi, kwa kuwa ndiyo inayookotwa sana na kutupwa sana. Mitambo ya gumegume, yenye jiwe la kutoa cheche, na ya fataki, yenye kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo, ilitumia springi bapa iliyokunjwa mfano wa herufi V, na kwa kawaida mtambo mmoja wa gumegume ulikuwa nazo tatu. Kubwa kuliko zote huisukuma nyundo. Hukaa upande wa ndani wa sahani ya mtambo, na mkono wake mmoja huishia kwa ndoano au, katika mitambo ya kazi bora zaidi, kwa kiungo kidogo kinachoning'inia. Ya pili ni ndogo, hukaa upande wa nje, na kazi yake ni kulibana lile bamba la chuma linalopigwa na gumegume ili litoe cheche. Ya tatu, ndogo kuliko zote, hukibana kizuizi kinachoshikilia nyundo mpaka mpigaji avute kifyatuo. Bunduki ya fataki haina kisahani cha baruti wala lile bamba, kwa hiyo springi ya pili haimo. Mtu akikuletea springi ya V iliyong'arishwa vizuri ubavu mmoja tu, tayari anakuambia mengi, kwa sababu fundi hakupoteza jasho kung'arisha mahali pasipoonekana. Upande uliolainishwa ulitazama nje, ule wenye mikwaruzo ya tupa ulijificha ndani ya mti. Kanuni hiyo inafaa kwa sahani, kwa skrubu, kwa pete za mtutu, karibu kwa kila kitu.

Ukikuta springi ya waya iliyozungushwa, umehamia dunia nyingine. Hiyo hukaa ndani ya komeo la bunduki inayojazwa kwa nyuma, kama Mauser ya 1871, na husukuma pini ya kupigia. Springi moja, hata bila namba, imeshakutoa katika zama za gobore.

Sahani ya mtambo nayo husomeka kwa matundu yake. Ihesabu. Pima umbali kati ya tundu na tundu kwa kalipa, kisha uchore kwenye karatasi ya miraba. Katikati ya karne ya 19 majeshi ya Ulaya yaligeuza bunduki nyingi za gumegume kuwa za fataki: kisahani cha baruti kikang'olewa, springi ya nje ikatolewa, matundu yake yakazibwa kwa chuma na kusawazishwa kwa tupa. Ukiinamisha sahani hiyo kwenye mwanga utayaona madoa ya mviringo palipozibwa. Hapo una maisha mawili ya chuma kimoja, na kadi ya makumbusho inapaswa kuyataja yote mawili.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu ndipo palipo na mtego mkubwa kuliko yote.

Vitabu vingi vimezipanga bunduki kama ngazi: utambi, kisha gumegume, kisha fataki, kisha ya kujazwa nyuma. Kwa majeshi ya Ulaya mpangilio huo unafaa. Kwa Zanzibar, Bagamoyo na Tabora unapotosha, kwa sababu aina zote hizo ziliishi pamoja, sokoni na mikononi. Mabaluchi wa Sultani waliomsindikiza msafiri Mwingereza Richard Burton kwenda bara mwaka 1857 walibeba bunduki za utambi, wakati majeshi ya Ulaya yameshaingia katika fataki. Kisha ikaja miaka ya 1860 na 1870. Dola za Ulaya zilibadilisha silaha zao mara mbili katika kizazi kimoja, na zile za zamani zikamwagwa kwenye masoko ya ng'ambo. Wafanyabiashara wa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kimarekani walizishusha Unguja, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu, na misafara ikazipeleka mpaka maziwa makuu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia pwani ya Afrika Mashariki kila mwaka.

Mwaka 1890 dola hizo zilitia saini Mkataba wa Brussels. Mkataba ulizuia kuingiza silaha za kisasa katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, lakini uliruhusu bunduki za gumegume zenye mtutu laini, usio na michirizi ndani, pamoja na baruti ya kawaida. Mwafrika aliruhusiwa kununua silaha ya zamani ili ile mpya ibaki kwa mtawala. Viwanda vya Liège nchini Ubelgiji na vya Birmingham vikaelewa mara moja, vikaendelea kutengeneza gumegume kwa ajili ya Afrika hata baada ya karne ya 20 kuanza.

Maana yake kwetu ni nini? Bamba la gumegume lililookotwa Ruvuma laweza kuwa changa kuliko komeo la Mauser lililookotwa hatua mia moja kutoka hapo. Anayeandika kwenye kadi "gumegume, mwaka 1800 hivi" kwa kutazama umbo tu, huenda amelizeesha kwa karne nzima. Zaidi ya hapo amefuta siasa iliyolileta, na mimi naona hilo ndilo kosa baya zaidi.

Kwa bahati, mitutu yenyewe hutoa ushahidi. Kwa kawaida mtutu wa Liège au wa Birmingham ulipimwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa, na nyumba ya upimaji ikapiga muhuri wake. Muhuri wa Liège ni herufi ELG juu ya nyota, ndani ya duara refu kama yai. Mwaka 1893 taji liliongezwa juu ya duara hilo. Mtutu wa gumegume wenye ELG bila taji ulipimwa kabla ya mwaka huo. Ukiwa na taji, ulipimwa baadaye, yaani tayari chini ya kivuli cha Brussels. Birmingham ilipata nyumba yake ya upimaji mwaka 1813 na kubadilisha mihuri yake mwaka 1904, ndipo zikaanza herufi BP na BV chini ya taji. Kwa hiyo kipande cha mtutu cha urefu wa kiganja, kikiwa na sehemu ya nyuma penye muhuri, ni hati yenye tarehe. Ningekitoa kisanduku kizima cha vifyatuo kwa kipande kimoja cha namna hiyo.

Tahadhari nyingine ni juu ya maandishi yenyewe. Neno TOWER kwenye sahani ya mtambo lilianza kama chapa ya ghala la silaha la serikali ya Uingereza mjini London. Wateja wa ng'ambo walikwishaizoea, na wafanyabiashara wakalipiga kwenye bunduki za biashara ambazo hazikuwahi kuliona ghala hilo. Kuna pia kazi za mafundi wa mpakani mwa Afghanistan, walionakili bunduki za Kiingereza za Martini-Henry na Enfield kwa mkono kwa ustadi wa kustaajabisha huku wakikosea herufi: N iliyogeuzwa, taji lisilo na umbo, mwaka usiolingana na modeli. Biashara ya silaha iliyopitia Maskati kabla ya 1914 iliwaunganisha watu wa upande ule na Ghuba, na Oman hadi leo Martini-Henry hubebwa katika sherehe kwa heshima kubwa. Mwenye jamaa kule anaweza kurithi bunduki ya familia yenye komeo la Uingereza na mtutu wa fundi wa milimani. Herufi zilizopotoka ni sahihi ya fundi, na ziandikwe kwenye kadi kama zilivyo, bila kusahihishwa.

Sasa mkono uliotengeneza.

Kabla ya mashine kutawala, vipande vya bunduki vilisubiwa au kufuliwa, kisha vikalinganishwa kimoja kimoja kwa tupa mpaka vikakaa. Skrubu ya mtambo mmoja haikuingia kwenye mtambo wa jirani yake. Ili vipande visichanganyike wakati wa kuchovywa na kupozwa, fundi aliweka alama za kukusanyia: vijichale viwili vitatu kwenye kichwa cha skrubu, na idadi hiyohiyo kwenye sahani na kwenye nyundo. Watu huviona vijichale hivyo wakadhani ni madhara ya bisibisi. Vitazameni kwa lenzi. Vikiwa vimekatwa kwa ukingo wa tupa na vimepangwa sawa, ni undugu wa vipande. Skrubu yenye vijichale vitatu na sahani yenye vijichale vitatu, zikitoka shimo moja la uchimbaji, zina haki ya kuwekwa pamoja.

Katika miaka ya 1850 kiwanda cha serikali cha Enfield kilinunua mashine za Kimarekani, na kuanzia hapo vipande vyake vikawa vya kubadilishana. Mashine huacha mistari sambamba yenye nafasi sawa. Tupa huacha mistari inayopishana kufuata pumzi ya mtu. Tofauti hiyo huonekana hata kwenye kipande kilicholiwa nusu.

Lakini mashine nayo huleta utata wake. Luteni Mwingereza Lloyd Mathews alipoanza kuunda jeshi la Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1877, serikali ya Uingereza ilitoa bunduki 500 aina ya Snider, zikafika mwaka uliofuata. Snider ilikuwa ni gobore la Enfield la 1853 lililokatwa nyuma ya mtutu na kuwekewa mlango wa chuma unaofunguka upande wa kulia, ili risasi iingizwe kwa nyuma. Mtambo wa ubavuni uliachwa kama ulivyokuwa kwenye gobore la fataki. Kwa hiyo sahani ya Enfield ikiokotwa Unguja peke yake, haiwezi kukuambia kama ilitoka kwenye gobore la biashara au kwenye bunduki ya askari wa Barghash. Itakayosema ni ile bawaba ya mlango, au ganda la risasi lililolala karibu nayo. Kama hivyo havipo, kadi iseme "mtambo wa Enfield au Snider" na ikomee hapo. Neno "au" ni neno la heshima katika kazi hii.

Vipande vya Kijerumani vina tabia njema inayowasaidia wasomaji wake. Namba kamili ya bunduki ilipigwa kwenye mtutu na kwenye mwili wa komeo, na tarakimu mbili za mwisho zikarudiwa kwenye vipande vidogo, hadi vichwa vya skrubu. Skrubu yenye 47 ilitoka kwenye bunduki ambayo namba yake iliishia kwa 47. Ukiona 47 imefungwa kwenye bunduki inayoishia kwa 12, kuna mtu aliyeitengeneza porini kwa vipande vya bunduki iliyokufa. Wakaguzi nao walipiga herufi ndogo chini ya taji, na kila taji lina mkono wake.

Mauser ya 1871 ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wengi wa jeshi la Kijerumani hapa kwetu vita ya 1914 ilipoanza. Ilikuwa ya milimita 11, ya risasi moja moja, na baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha mpigaji alipo. Komeo lake lina ubavu ulioinuka juu, na kwenye ubavu huo hufungwa pete nene ya chuma kwa skrubu moja; pete hiyo huzuia komeo lisichomoke likivutwa nyuma. Pete ikiwa peke yake haifanani na bunduki hata kidogo. Huwekwa kwenye kisanduku cha baiskeli au cha cherehani. Tena bunduki hiyo haikuwa na kirushio; askari alivuta komeo, akaiinamisha bunduki kwa ubavu, ganda likadondoka. Maganda yake basi hudondoka karibu na miguu ya mpigaji, na mchimbaji anayeyakuta yamelundikana amekuta mahali mtu mmoja aliposimama.

Sasa mahali kilipookotwa. Je, kipande cha Kiingereza huonyesha kwamba Waingereza walikuwa hapo? Hapana, na vita ya nchi yetu inathibitisha hilo kuliko nyingine yoyote. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipata bunduki za Kiingereza za kutosha kuzipa kampuni tatu silaha za kisasa, kwa maelezo yake mwenyewe. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens iliingia ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza, ikazama kiasi, na bunduki na risasi zake zikaopolewa baharini. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa Rufiji tarehe 11 Julai 1915, na mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ikatolewa matopeni, ikawekewa magurudumu, ikaburutwa nchi nzima. Mmoja wake uko Ngome ya Yesu, Mombasa. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma, likaiteka kambi ya Wareno Ngomano na kuchukua silaha zao. Mwaka mmoja baadaye, liliposalimu amri Mbala, orodha ya silaha zilizokabidhiwa ilikuwa na bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Kijerumani lilimaliza vita likipigana kwa chuma cha adui zake.

Kwa hiyo Mauser-Vergueiro ya Kireno yaweza kuokotwa mahali ambapo hakuna Mreno aliyewahi kukanyaga. Taifa lililotengeneza kipande ni jambo moja, mkono uliokitumia siku ile ni jambo lingine, na kadi iwe na mistari miwili tofauti kwa ajili yake.

Kwa mafundi wa chuma waliomo humu, neno moja juu ya hesi. Wengi hupima hesi za skrubu wakasema: ni milimita, basi Mjerumani, ni inchi, basi Mwingereza. Msitegemee hivyo. Mtutu wa Mauser ya 1898, fahari ya viwanda vya Ujerumani, umefungwa kwa hesi 12 kwa kila inchi, zenye pembe ya nyuzi 55, mtindo wa Whitworth wa Kiingereza. Pimeni, mwandike mlichopima, hitimisho lisubiri.

Maganda ya risasi yanastahili mhadhara wake, nami nitagusa tu. Kitako cha ganda ni ukurasa. Ganda la Kiingereza la inchi .303 lenye R na L na mshale katikati lilitoka karakana ya kifalme ya Woolwich. Tarakimu VII ni risasi ya aina ya saba, iliyopitishwa 1910. Zaidi ya chapa kuna kidonda: pini ya kila bunduki huacha shimo lenye umbo lake, na ukucha unaovuta ganda huacha mkwaruzo wake. Mwaka 1983 moto uliunguza nyasi za uwanja wa vita wa Little Bighorn huko Marekani, na wanaakiolojia Richard Fox na Douglas Scott wakapata nafasi ya kuuchunguza. Walipima mahali pa kila ganda, wakalinganisha vidonda kwa mbinu za maabara za polisi, wakaweza kufuata bunduki mojamoja ikihama kutoka kilima hadi kilima katika vita vya 1876. Kazi kama hiyo ingefaa sana Salaita, palipopiganwa tarehe 12 Februari 1916, na Mahiwa ya Oktoba 1917. Lakini ganda likishaokotwa bila kuandikwa mahali pake, njia ya bunduki ile imekatika. Maganda ya shaba yanauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na kila kilo ni sentensi nyingi zinazoyeyushwa. Sisemi hili kuwalaumu wanaouza. Wana watoto wa kulisha. Nalisema kwa sisi tunaolipwa kuhifadhi na ambao hatujafika vijijini kueleza.

Nimebakiza kundi ninalolipenda kuliko yote: vipande visivyofanana na kitabu chochote. Nyundo iliyofuliwa kwa moto wa mkaa, yenye mabonde ya nyundo ya mhunzi na hakuna hata mstari mmoja wa mashine. Skrubu iliyochongwa kutoka msumari. Kitako kilichovunjika na kufungwa kwa ngozi mbichi iliyokaushwa ikakaza kuliko waya. Watunzaji huviandika "kipande bandia" au huvitupa wakitafuta "halisi". Mimi nasema hivyo ndivyo vilivyo vyetu hasa. Bunduki iliyotoka Liège ikifa springi yake Urambo, haikurudishwa Ubelgiji. Ilikwenda kwa mhunzi aliyezoea majembe na mikuki, naye aliitazama, akaelewa kazi ya kila kiungo bila mchoro wala mwalimu, akaifufua. Kipande cha aina hiyo kipimwe kwa uangalifu uleule tunaoipa Mauser. Andikeni jinsi kilivyofuliwa, kama kimechovywa ili kiwe kigumu au kimeachwa laini, na kama kimechakaa. Kilichochakaa kilifanya kazi, na kazi yake ilidumu.

Namalizia na sheria, kwa kuwa inagusa kila nililosema. Tanzania, sheria ya malikale ya 1964 kwa jumla hulinda moja kwa moja vitu vya kuhamishika vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kenya, sheria ya 2006 huweka mpaka wake mwaka 1895. Wekeni tarehe hizo kando ya mambo tuliyoyaona. Gumegume la Liège lenye taji la 1893 liko nje ya mpaka wa Tanzania, na kwa Kenya laweza kuangukia upande wowote. Vipuri vya vita ya 1914, takriban vyote, viko nje ya mipaka yote miwili. Kwa upande mwingine sheria za silaha, ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya, zinaweza kumbana anayekaa na mtutu au komeo bila kibali, hata kiwe kimeota kutu namna gani. Mwanakijiji aliyeokota anajikuta kati ya sheria isiyokilinda kitu chake na sheria inayomtisha, na njia rahisi kwake ni kukitupa mtoni au kukipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ninaomba ofisi za malikale, makumbusho na polisi wa kila wilaya wakubaliane utaratibu mmoja mwepesi: mtu alete, aandikwe jina la mahali alipookotea kwa usahihi wa mti na kijito, apewe karatasi ya shukrani, aende zake bila hofu. Tarehe za mpaka katika sheria zibadilishwe, vita ya 1914 hadi 1918 iingie ndani. Na mpaka hayo yatakapofanyika, visanduku tulivyonavyo vifunguliwe upya, kadi zilizoandikwa "kipande cha bunduki" zitolewe, na kila chuma kipigwe tochi ubavuni, kianze kusomwa.